Foleni Iliyorudi Nyumbani

Mwaka 2004, mjini Ottawa nchini Kanada, kijana wa Kijerumani aitwaye Tobias Lütke alitaka kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji kupitia intaneti. Duka lake aliliita Snowdevil. Programu za duka zilizokuwa zikiuzwa wakati huo hazikumridhisha, akaamua kuandika yake mwenyewe kwa Ruby on Rails, zana ambayo David Heinemeier Hansson wa kampuni ya 37signals ya Chicago alikuwa ameitoa hadharani mwaka huohuo. Baadaye programu ya duka ikawa biashara kubwa kuliko mbao zenyewe, na mwaka 2006 Lütke na wenzake wakaifungua kwa wauzaji wengine kwa jina la Shopify.

Duka la mtandaoni huonekana jepesi machoni pa mteja. Anachagua, anajaza anwani, anabofya kununua, anashukuriwa. Nyuma ya kitufe hicho kuna msururu wa shughuli: oda iandikwe, idadi ya bidhaa ghalani ipunguzwe, risiti itumwe kwa barua pepe, mwenye duka ajulishwe. Upande wa muuzaji nako, kila picha anayopakia inatakiwa ikatwe katika saizi kadhaa. Yote haya yakifanyika kabla ya ukurasa kujibu, mteja anabaki akitazama kiduara kinachozunguka, na wengi huishia kubofya tena. Kwa Rails ya miaka ile hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mchakato mmoja ulihudumia ombi moja tu kwa wakati. Kwenye seva yenye michakato minne, wakitokea wateja wanne wanaosubiri seva ya barua iliyozidiwa, duka zima lilisimama.

Dawa yake ni ile anayoijua kila fundi cherehani: pokea kitambaa, andika vipimo daftarini, mwambie mteja arudi lini, kisha ushone akishaondoka. Kwenye programu ya wavuti zinaitwa kazi za nyuma. Oda inaandikwa, mteja anajibiwa papo hapo, na kibarua, yaani programu nyingine inayoendelea kutembea pembeni, anamalizia yaliyobaki. Wengi huisimulia historia ya kazi hizi kama mbio za kasi: nani amefanya kazi nyingi zaidi kwa sekunde. Mimi naisoma kwa swali jingine, ambalo naliona likirudi kila baada ya miaka michache: ahadi aliyopewa mteja imeandikwa wapi, na je, umeme ukikatika sasa hivi, tutaikuta ukirudi?

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wavuti. Katikati ya miaka ya 1960, katika kituo cha NASA mjini Houston, Tom Simpson na Bob Crabtree wa IBM waliandika programu iliyoitwa HASP. Kompyuta kubwa za enzi hizo zilikuwa ghali mno kuachwa zikisubiri mashine ya kusoma kadi, au printa imalize mstari. HASP ilizisoma kadi za kazi zote na kuziweka kwenye diski, ikazipanga kwa kipaumbele, ikaipa kompyuta kazi moja baada ya nyingine, na matokeo nayo ikayahifadhi kwenye diski hadi printa ipate nafasi. Kilichokuwa polepole kilitenganishwa na kilicho haraka, na katikati yao ikakaa diski. Mpango huo ndio uleule hadi leo.

Zaidi ya miaka kumi baadaye ilikuja programu ambayo karibu kila mwenye tovuti ndogo ameitumia, ajue asijue. Unix Toleo la 7, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, lilikuja na cron, iliyoandikwa na Brian Kernighan. Kazi yake ilikuwa fupi: soma faili la ratiba, tazama kama kuna amri ya dakika hii, ziendeshe zilizopo, lala dakika moja, kisha anza upya. Kila mstari wa ratiba ulikuwa na sehemu tano za wakati, yaani dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki, kisha amri yenyewe. Aliyejifunza zamani zile kuandika 0 6 * * 1, maana yake saa kumi na mbili kamili asubuhi kila Jumatatu, hajalazimika kujifunza upya hadi leo.

Mwaka huohuo katika Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, Robert Brown alikuwa na shida ya ukubwa. Alitaka kila mtumiaji wa mashine awe na ratiba yake, lakini kuamka kila dakika na kupekua mafaili ya watu wengi kungeilemea mashine. Akaazima mbinu iliyochapishwa na Franta na Maly mwaka 1977 kwa ajili ya programu za kuigiza matukio: weka orodha ya kazi zijazo kwa mpangilio wa muda, tazama ya kwanza, kisha lala moja kwa moja mpaka wakati wake utakapofika. Mwaka 1987 Paul Vixie akaandika cron yake, na hiyo ndiyo iliyoenea sana kwenye Linux. Ile orodha iliyopangwa kwa muda tutaikuta tena mbele, ndani ya hifadhidata.

Udhaifu wa cron ni kwamba inajua saa, haijui tukio. Mteja akinunua saa nne na sekunde tano, cron haina habari mpaka dakika igeuke. Hata hivyo programu nyingi ndogo zimeishi nayo vizuri. Unaweka kwenye jedwali la oda sehemu inayosema kama risiti imetumwa, na kila dakika cron inaamsha hati fupi inayotafuta oda ambazo bado, inazitumia risiti, inaziwekea alama. Hatari yake ni siku ambayo hati hiyo imechukua zaidi ya dakika moja. Cron haiulizi, inaanzisha ya pili huku ya kwanza ingali kazini, zote mbili zinaokota oda zilezile, na mteja anapata risiti mbili. Lakini nauheshimu mpango huu kwa jambo moja: ahadi imeandikwa kwenye oda yenyewe. Oda ikiwapo, ahadi ipo.

Wengine hata cron hawakuwa nayo, kwa sababu walipangisha nafasi ya bei nafuu kwenye seva inayotumiwa na wengi. Kwa ajili yao WordPress, kuanzia toleo la 2.1 la Januari 2007, ilikuja na WP-Cron. Hapo hakuna programu inayokaa macho. Kila mgeni anapofungua ukurasa, WordPress inatazama kama kuna kazi ambayo muda wake umefika, na kama ipo inajitumia ombi yenyewe ili kazi ifanyike pembeni. Mgeni ndiye anayeiamsha ratiba. Kwenye tovuti yenye wageni usiku na mchana hutagundua tofauti. Kwenye tovuti ya kikundi cha kijiji au ya shule, makala iliyopangwa kutoka saa kumi na mbili asubuhi itatoka pale msomaji wa kwanza atakapoingia, na akiingia saa tatu, itatoka saa tatu. Ndiyo maana mafundi wengi huizima kwa mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, kisha huweka cron halisi kwenye cPanel, paneli ya kusimamia seva, ili iiamshe kila baada ya dakika kadhaa.

Turudi kwenye Rails. Mwaka 2006 Ezra Zygmuntowicz alitoa BackgrounDRb, moja ya zana za mwanzo kabisa kwa watu wa Rails. Ilitumia DRb, maktaba ya Masatoshi Seki inayowezesha programu moja ya Ruby kuzungumza na nyingine. Programu ya wavuti ilimwita kibarua moja kwa moja, ikamkabidhi kazi, ikaendelea na wateja. Ilipendeza kuitazama. Tatizo ni kwamba katika matoleo ya mwanzo kazi iliishi kwenye kumbukumbu ya kibarua mwenyewe. Akianguka, ahadi zote alizobeba zilianguka naye, na hapakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ziliwahi kuwepo.

Mwaka 2008 Shopify iliwapa wengine zana iliyokuwa ikiitumia ndani, ikiitwa delayed_job. Lütke alikuwa ameichomoa kutoka kwenye programu ya duka, na orodha ya matumizi aliyoiambatanisha nayo inasomeka kama siku ya kawaida ya muuzaji: kutuma majarida kwa wateja wengi, kupunguza saizi za picha, kusasisha kielezo cha utafutaji, kuingiza bidhaa kwa wingi, kukagua ujumbe taka.

Napenda kukaa kidogo kwenye muundo wake, kwa kuwa karibu kila kitu kilichofuata kinajibizana nao. delayed_job ni jedwali moja, ndani ya hifadhidata ileile yenye oda na wateja. Kila kazi ni safu moja. Safu hiyo ina kipaumbele, idadi ya majaribio, kazi yenyewe ikiwa imeandikwa kama maandishi, kosa la mwisho, muda wa kuanza, muda ilipofungwa, jina la kibarua aliyeifunga, na muda iliposhindikana kabisa. Muda wa kuanza ni ileile orodha ya Purdue: kibarua anatafuta safu ambazo muda wao umefika, kwa mpangilio wa kipaumbele kisha muda. Asipoona kitu analala sekunde tano.

Vibarua wakiwa wawili, nani achukue kazi ipi? Kila mmoja anaiambia hifadhidata: andika jina langu kwenye safu hii, ikiwa tu haina jina la mwingine. Hifadhidata inajibu imebadilisha safu ngapi. Ikijibu moja, kazi ni yako. Ikijibu sifuri, mwenzako amekutangulia, jaribu inayofuata. Na kibarua akifa akiwa ameifunga kazi, kufuli lake linahesabika limechakaa baada ya saa nne kwa mipangilio ya kawaida, na mwingine anaweza kuichukua.

Kisha kuna kushindwa. Kazi ikikwama haitupwi. Muda wake wa kuanza unasogezwa mbele kwa sekunde tano kujumlisha idadi ya majaribio kwa kipeo cha nne. Hesabu hiyo inastahili kufuatwa kwa namba. Seva ya barua ikikataa risiti mara ya kwanza, kibarua anajaribu tena baada ya sekunde 6. Akishindwa mara ya tano, anasubiri sekunde 630, dakika kumi na nusu. Mara ya kumi ni sekunde 10,005, karibu saa mbili na dakika arobaini na saba. Mara ya ishirini na nne ni karibu siku nne nzima. Baada ya majaribio 25 inahesabika imeshindikana, na ukijumlisha muda wote wa kungoja unapata takriban siku ishirini. Hitilafu ya kupita inapata nafasi ya kupita ndani ya sekunde chache. Hitilafu ya kweli inampa binadamu wiki karibu tatu za kuigundua na kuirekebisha, bila seva iliyozidiwa kugongwa kila dakika. Sijui kipande kifupi cha hesabu kilichowaokolea usingizi watunza seva wengi kama hiki.

Lakini jambo kubwa kuliko yote kwenye delayed_job halikuhitaji mstari hata mmoja wa ziada. Kwa kuwa jedwali la kazi liko ndani ya hifadhidata ya duka, oda na kazi ya kutuma risiti vinaweza kuandikwa ndani ya muamala mmoja. Muamala ukikamilika, vyote viwili vipo. Ukivunjika, vyote viwili havipo. Haiwezekani oda ikawepo bila ahadi yake, wala ahadi bila oda.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakiitoa foleni nje ya hifadhidata. Twitter ilitoa Starling mwaka 2008, seva ya foleni iliyoandikwa na Blaine Cook. Keith Rarick alikuwa ameandika beanstalkd kwa ajili ya Causes, programu ya michango iliyotumika ndani ya Facebook. Ninachokipenda kwenye beanstalkd ni amri zake: kibarua anaishika kazi kwa muda maalumu, akimaliza anaifuta, akishindwa anairudisha, na kazi iliyoshindikana kabisa anaizika. Iliyozikwa haipotei, inakaa kando mpaka mtu aje aitazame na kuifufua. RabbitMQ nayo ilitoka mwaka 2007, ikiwa imeandikwa kwa Erlang, lugha iliyobuniwa kwenye kampuni ya simu ya Ericsson na kupewa jina la Agner Krarup Erlang.

Huyu Erlang anatuhusu zaidi kuliko jina. Alikuwa mwanahisabati wa Denmark aliyeingia Kampuni ya Simu ya Copenhagen mwaka 1908, na mwaka 1909 akachapisha makala kuhusu nadharia ya uwezekano na mazungumzo ya simu. Kutoka kwenye kazi yake ikakua hesabu nzima ya foleni, na mwenye programu ndogo anaihitaji kuliko anavyodhani. Tuseme kibarua mmoja anatumia wastani wa sekunde mbili kwa risiti, yaani anaweza risiti 30 kwa dakika. Oda zikija 25 kwa dakika, kwa nyakati zisizo na mpango, hesabu rahisi kuliko zote za foleni inasema risiti itachukua wastani wa sekunde 12 tangu kuingia hadi kutoka. Zikipanda hadi 29, oda nne tu zaidi, wastani unaruka hadi dakika nzima. Zikifika 30, foleni haina mwisho. Hivyo mfumo uliokwenda vizuri miezi yote unaweza kukwama siku moja ya ofa, na wala hakuna kitu kilichoharibika.

GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008, ilikutana na ukubwa wa aina hiyo mapema. Ilipitia zana kadhaa, delayed_job ikiwemo, na foleni ilipojaa, kazi ya kutafuta safu inayofuata ilizidi kuwa nzito kwa hifadhidata kadiri jedwali lilivyonenepa. Novemba 2009 Chris Wanstrath wa GitHub akatangaza Resque. Foleni ilihamia Redis, hifadhi inayoweka data kwenye kumbukumbu, ambayo Salvatore Sanfilippo wa Sicily alikuwa ameitoa mwaka huohuo. Redis ina orodha za kawaida: unasukuma kitu upande mmoja, unachukua upande wa pili, na hilo hufanyika kwa kasi ileile hata orodha ikiwa na vitu milioni. Resque ilikuwa pia na tabia ya kuzaa mchakato mpya kwa kila kazi. Mtoto anafanya kazi, anakufa, na kumbukumbu yote aliyoila inarudi kwa mashine. Mzazi anabaki mwepesi.

Wanstrath alikuwa muungwana kwa aliowaacha nyuma. Maelezo ya Resque yenyewe yaliwashauri wasomaji wachague delayed_job iwapo foleni yao ni ndogo, kazi zao kwa siku si nyingi, na hawataki mzigo wa kuendesha Redis. Ushauri huo uliwafaa wengi, na naona waliousikia walikuwa wachache. Foleni ya nje ikawa ndiyo desturi, hata kwa programu yenye wateja mia.

Mwaka 2012 Mike Perham akatoa Sidekiq, nayo ikatumia Redis. Badala ya mchakato mzima kwa kila kibarua, ilitumia nyuzi nyingi ndani ya mchakato mmoja, 25 kwa mipangilio ya awali. Ruby ya kawaida hairuhusu nyuzi mbili kukokotoa kwa wakati mmoja, lakini kazi za nyuma hutumia muda mwingi zikisubiri mtandao, na uzi mmoja ukisubiri mwingine hupita. Mwenye seva ndogo aliyekuwa akimudu vibarua watatu sasa alimudu 25. Perham aliazima pia ile hesabu ya kuongeza muda, na kazi ya Sidekiq nayo hujaribiwa mara 25 kwa takriban siku ishirini. Toleo la bure akaliacha wazi, akauza toleo la kulipia, na kwa njia hiyo akaitunza programu hiyo kwa miaka mingi.

Gharama ya kuitoa foleni nje ilionekana polepole. Tazama kinachotokea ndani ya nusu sekunde. Programu inafungua muamala kwenye hifadhidata. Inaandika oda namba 812. Inasukuma kazi kwenye Redis: tuma risiti ya oda 812. Kibarua yuko macho, anaichukua mara moja, anaiuliza hifadhidata kuhusu oda 812. Hifadhidata inajibu hakuna oda kama hiyo, na inasema kweli, maana muamala bado haujakamilika. Milisekunde chache baadaye muamala unakamilika na oda ipo, lakini kazi imeshaanguka kwa kosa. Hili angalau jaribio la pili litaliponya. Baya zaidi ni muamala uliovunjika baada ya kazi kusukumwa: kibarua aliyepewa jina na barua pepe ya mteja anatuma shukrani kwa oda ambayo haipo popote.

Watu wa Rails walijifunza kusukuma kazi baada ya muamala kukamilika. Hapo pengo likahamia upande wa pili. Oda imekamilika, seva inazimika kabla ya kusukuma, na risiti haitatumwa kamwe kwa kuwa hakuna palipoandikwa kwamba inadaiwa. Redis nayo kwa mipangilio yake ya kawaida huandika diski kwa vipindi, kwa hiyo ikianguka ghafla, kilichoingia tangu kipindi cha mwisho kinapotea. Na kibarua wa kawaida wa Sidekiq huiondoa kazi kwenye orodha anapoichukua. Akiuawa katikati, kazi imekwenda naye. Kwa picha ya wasifu hilo ni usumbufu. Kwa oda iliyolipiwa ni deni lisilo na daftari.

Watu wa Afrika Mashariki tuliingia kwenye somo hili kwa mlango wa malipo. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, lango la kuunganisha programu na M-Pesa. Duka linatuma ombi la malipo, na jibu la papo hapo linasema tu kwamba ombi limepokelewa, pamoja na namba yake ya utambulisho. Simu ya mteja inawaka, anaulizwa PIN. Matokeo halisi yanakuja baadaye, yakitumwa kwenye anwani ambayo duka liliitaja: sifuri ikiwa amelipa, 1032 ikiwa ameghairi, na namba nyinginezo kwa mambo mengine. Hapa duka dogo limekuwa mteja wa foleni ya mtu mwingine. Anayeandika programu hiyo kwa uangalifu huandika namba ya utambulisho kwenye oda kabla ya chochote, huiwekea hifadhidata sharti kwamba namba moja haiwezi kuhesabiwa mara mbili, huyapokea matokeo na kujibu haraka, kisha humwachia kibarua kutoa risiti. Na kwa kuwa ujumbe wa mtandaoni unaweza kupotea njiani, huweka kazi nyingine ya nyuma inayouliza hali ya kila ombi ambalo limekaa kimya muda mrefu.

Njia ya kurudi nyumbani ilifunguliwa na watu wa hifadhidata. Januari 2016 PostgreSQL toleo la 9.5 lilitoka likiwa na maneno mawili mapya, SKIP LOCKED, kazi ya Thomas Munro. Kabla yake, vibarua wawili wakitaka safu ya kwanza, wa pili alisimama kumsubiri wa kwanza, na kila zana ilibuni ujanja wake wa kukwepa msongamano. Kwa maneno hayo mawili kibarua anasema: nipe safu ya kwanza ambayo hakuna aliyeishika. Wa pili anairuka iliyoshikwa na kuchukua inayofuata, bila kusubiri. MySQL ikafuata na toleo la 8.0 mwaka 2018. Ile sababu iliyowatoa watu wa GitHub kwenye jedwali, kwa duka la ukubwa wa kawaida, ilikuwa imekwisha.

Desemba 2023 kampuni ya 37signals ikatangaza Solid Queue, kazi iliyoongozwa na Rosa Gutiérrez, na Novemba 2024 ikawa chaguo la kawaida kwenye Rails 8. Ni foleni ndani ya majedwali, ikitumia SKIP LOCKED. Kila kibarua hutoa ishara ya uhai kila sekunde 60, na asiyesikika kwa dakika tano anahesabika amekufa. Huduma ya barua pepe ya kampuni hiyo, HEY, ilikuwa ikifanya kazi milioni 20 kwa siku kwa zana hii wakati Rails 8 inatoka. Aliyekuwa akidhani jedwali haliwezi alipata jibu lake.

Kuna uamuzi mmoja ndani ya Solid Queue ambao nimeufikiria sana. Kwa mipangilio ya kawaida, majedwali ya foleni hukaa kwenye hifadhidata ya pekee, mbali na ile ya oda. Waandishi wake wanaeleza kwamba kuwa na kazi na data ndani ya muamala mmoja ni nguvu kubwa lakini ni kisu kikali: ukiizoea bila kujua, siku utakapohamisha foleni nje, programu itaanza kukosea mahali usipotarajia. Hoja hiyo ina uzito kwa kampuni inayokua. Kwa duka linalopokea oda mia kwa siku nachagua kinyume, na maelezo yao yanaruhusu: mipangilio michache inarekebishwa, majedwali yanakaa pamoja, na oda 812 na risiti yake vinaandikwa kwa mkupuo mmoja kama ilivyokuwa kwenye delayed_job.

Ukichagua hivyo, nakala ya usiku ya hifadhidata inabeba vyote: oda, wateja, na kila ahadi ambayo haijatimizwa. Seva ikiungua unairejesha kwenye mashine mpya, na hapo usiwawashe vibarua kwanza. Nakala iliyochukuliwa saa nane usiku ina kazi ambazo kufikia saa mbili asubuhi zilikuwa zimeshafanyika: risiti zilizokwisha kutumwa, meseji zilizokwisha kulipiwa. Fungua jedwali la kazi vibarua wakiwa wamezimwa, lipitie ukilinganisha na kumbukumbu za seva ya barua, futa zilizokwisha, kisha washa kibarua mmoja tu na umtazame anavyofanya kazi ya kwanza.